Maswali ya Wasomaji: Mionzi ya Gama Milimani

Barua tulizopokea kuhusu upimaji wa mionzi ya gama ya asili katika maeneo ya milima zimekuwa nyingi kiasi kwamba safari hii ukurasa wote tumeuachia jambo hilo. Tumechagua barua tano, na tumeitanguliza ile ambayo jibu lake linazisaidia nyingine kueleweka.

SWALI: Mhariri mpendwa, nina kipima mionzi kidogo chenye neli ya Geiger. Bondeni, penye mawe ya chokaa, mita 800 juu ya usawa wa bahari, kilinionyesha mikrosiverti (kipimo cha athari ya mionzi mwilini) 0.07 kwa saa. Siku ya pili nilipanda hadi mgongo wa mlima wa matale, mita 3,000, na hapo kikaonyesha 0.22. Je, hii ni dalili kwamba chini ya mlima ule kuna urani?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuitafuta urani tuigawe kwanza namba yako, kwa sababu mlima humfanyia mpimaji mambo mawili kwa wakati mmoja: humwinua karibu na anga za juu, na humsimamisha juu ya mwamba wa aina nyingine. Kifaa chako hakiwezi kuyatenganisha mambo hayo. Hujumlisha kila kinachoigonga neli yake, kikatoa namba moja.

Sehemu ya kwanza ya namba hiyo hutoka juu. Mwaka 1910 Theodor Wulf, padri na mwanafizikia wa Ujerumani, alipanda na elektrometa, kifaa cha kupimia chaji ya umeme, kwenye mnara wa Eiffel jijini Paris akitarajia kwamba mionzi ingepungua sana kadiri anavyoiacha ardhi, lakini upungufu alioukuta ulikuwa mdogo kuliko hesabu zilivyomwambia. Miaka miwili baadaye Victor Hess wa Austria alipaa kwa puto mara kadhaa, na katika safari ya tarehe 7 Agosti 1912 alivuka mita 5,000. Vifaa vyake vilionyesha kwamba ionishaji wa hewa, yaani jinsi mionzi inavyoitia hewa chaji ya umeme, hupungua kidogo mwanzoni, kisha huanza kupanda baada ya kilometa moja hivi, na kule juu kabisa ukawa mara kadhaa ya ule wa ardhini. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo alikuwa amepaa wakati wa kupatwa kwa jua asione upungufu wowote, akatambua kwamba chanzo chake kikuu hakiwezi kuwa jua. Kwa ugunduzi huo wa mionzi ya kosmiki alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Ninaitaja safari ile kwa sababu mchoro wake, wa kushuka kisha kupanda, ndio ufunguo wa swali lako. Hess aliiacha ardhi chini yake, kwa hiyo aliweza kuona mchango wa ardhi ukififia na wa anga ukikua. Wewe uliyepanda kwa miguu hukuiacha ardhi. Ilipanda pamoja nawe, na michango yote miwili ikakua kwa pamoja.

Tuweke namba. Kwenye usawa wa bahari sehemu ya mionzi ya kosmiki inayoionisha hewa huchangia takriban nanogrei (kipimo cha nishati ya mionzi inayofyonzwa) 31 kwa saa, yaani mikrosiverti 0.03 kwa saa kwa kifaa kama chako. Mchango huo hukua polepole mwanzoni, kisha huongezeka karibu maradufu kwa kila mita 1,500 za mwinuko. Kwenye mita 800 tunatarajia kama 0.04, na kwenye mita 3,000 karibu 0.095. Kwa hiyo, katika ongezeko lako la 0.15, takriban 0.06 ni la anga peke yake.

Linalobaki ni la mwamba. Karibu mionzi yote ya gama ya ardhini hutoka kwa potasiamu-40, kwa mlolongo wa urani-238 na kwa mlolongo wa thori-232, yaani elementi hizo pamoja na zile zinazozaliwa zinapojivunja. Granaiti, ambayo ndiyo matale yako, mara nyingi huwa na potasiamu asilimia 4, urani sehemu 4 kwa milioni na thori sehemu 16 kwa milioni, ilhali chokaa huwa na kiasi kidogo sana cha vyote vitatu. Juu ya ardhi tambarare, kila asilimia moja ya potasiamu hutoa takriban nanogrei 13 kwa saa kwenye kimo cha mita moja. Kila sehemu moja kwa milioni ya urani hutoa karibu 5.7, na ya thori karibu 2.5. Kwa granaiti niliyoitaja tunapata 52 kutoka kwa potasiamu, 23 kutoka kwa urani na 40 kutoka kwa thori, jumla 115. Ukijumlisha na 95 za anga unapata 210, yaani mikrosiverti 0.21 kwa saa, na kifaa chako kimesema 0.22.

Kwa hiyo mlima wako ni granaiti ya kawaida kabisa, na katika granaiti hiyo urani ndiyo yenye mchango mdogo kuliko wote watatu. Anayetafuta urani huangalia mabadiliko ya ghafla ndani ya mita chache kwenye mwinuko uleule, kisha huthibitisha kwa kifaa kinachotambua nishati ya kila mwonzi.

Pamoja na hayo, nakusihi usiitegemee sana tarakimu ya mwisho. Mipasuko ya atomi hutokea kwa nasibu, na kosa la hesabu ni kipeuo cha pili cha idadi ya migongo (yaani mara ambazo mwonzi umeigonga neli) iliyohesabiwa. Neli ndogo inayohesabu migongo 20 kwa dakika ina kosa la zaidi ya asilimia 20 ukiisoma baada ya dakika moja. Ukisubiri dakika 30 unapata migongo 600, na kosa linashuka hadi asilimia 4. Aidha, kifaa cha namna hii kwa kawaida husawazishwa kwa sezi-137 yenye mwonzi wa kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 662, nacho huitikia kwa viwango tofauti mionzi yenye nishati nyingine pamoja na muoni, chembe za mionzi ya kosmiki, na hata mata ya kifaa chenyewe huongeza migongo michache. Mlimani, ambako sehemu kubwa ya kinachopimwa si gama ya ardhini hata kidogo, tofauti hizo zina uzito kuliko bondeni.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Ningependa wanafunzi wangu watenganishe mchango wa anga na wa mwamba kwa vipimo vyao wenyewe, si kwa kutegemea jedwali. Je, inawezekana bila maabara kubwa?

JIBU: Inawezekana, Mwalimu, na chombo kikuu mnachokihitaji ni ziwa. Maji matamu yana unururifu mdogo mno ukilinganisha na mwamba, na yakiwa na kina cha mita mbili au tatu huzuia karibu mionzi yote ya gama inayotoka kwenye sakafu ya ziwa. Mkienda kwa mashua hadi mita mia kadhaa kutoka ufukweni, mkaweka kifaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha, kinachobaki ni mionzi ya kosmiki, migongo ya kifaa chenyewe, na kiasi kidogo kutoka kwa radoni, gesi yenye unururifu iliyomo hewani. Kipimo hicho mkikitoa kwenye kipimo cha nchi kavu cha mwinuko uleule mnapata mchango wa mwamba. Mkipata maziwa mawili au matatu ya miinuko tofauti, chorea wanafunzi grafu ya kipimo dhidi ya mwinuko; mstari utakaopinda kuelekea juu ni mionzi ya kosmiki ikionekana peke yake, na mahali palipo kati ya miinuko hiyo mnaweza kukadiria bila mashua. Usalama wa watoto majini uwe juu ya kila kitu. Kifaa kinaweza kusomwa na mtu mmoja mwenye jaketi la kuelea, wengine wakiandika ufukweni.

Jambo moja la kuzingatia ni aina ya kifaa, kwa sababu vifaa viwili vilivyo sahihi vinaweza kutoa majibu tofauti mahali pamoja. Chemba ya ionishaji yenye gesi iliyoshindiliwa hupima anga na ardhi kwa pamoja, na kwa uaminifu mkubwa. Kigunduzi cha fuwele ya iodidi ya sodiamu hupanga kila mwonzi kwa nishati yake, na kwa kuwa gama za asili za ardhini huishia karibu na kiloelektronivolti 2,615, watengenezaji wengi hukata spektra (mpangilio huo wa nishati) kwenye 3,000, hivyo sehemu kubwa ya mionzi ya kosmiki haihesabiwi kabisa. Mkipanda mlima mmoja na vifaa hivi viwili, tofauti kati yao itakua kadiri mnavyopanda. Wanafunzi wasiambiwe kwamba kimojawapo kimeharibika. Waulizwe kila kimoja kinahesabu nini.

Ikiwa shule itafanikiwa kuazima kigunduzi cha fuwele, fungueni mlango wa pili. Potasiamu-40 hujitambulisha kwa kilele cha kiloelektronivolti 1,461, mlolongo wa urani kwa bismuthi-214 kwenye 1,764, na mlolongo wa thori kwa thali-208 kwenye 2,615. Angalieni kwamba hatuioni urani yenyewe, tunamwona kitukuu wake. Tunachukulia tu kwamba ukoo mzima uko pamoja mwambani, jambo ambalo si kweli mahali ambapo maji yameichukua radi (elementi ya radiamu, mmoja wa ukoo huo) au radoni imetoroka kupitia nyufa. Kadhalika fuwele huathiriwa na joto: hewa ikipoa, kilele cha potasiamu huhama kutoka mahali pake, kwa hiyo kirudisheni kila baada ya muda kwa kukitumia kama alama, maana potasiamu haikosekani karibu popote. Msiitoe fuwele kwa ghafla kutoka kwenye gari lenye joto na kuiweka kwenye baridi kali, kwani inaweza kupasuka.

SWALI: Nina alama niliyoiweka kwenye mteremko wa mita 2,000 na ninaipima mara kwa mara. Siku kavu napata 0.14. Siku moja mvua kubwa ilipokuwa ikinyesha nilipata 0.19, na majira ya baridi, theluji ikiwa na kina cha mita moja na nusu, nilipata 0.09. Ardhi ni ileile. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea popote. Umefanya jambo ambalo wapimaji wengi hawana subira ya kulifanya, nalo ni kurudi mahali palepale.

Mvua kwanza. Kutoka ardhini huvuja radoni-222, gesi yenye nusumaisha (muda wa nusu yake kujivunja) ya siku 3.8, ambayo hupanda hewani na kugeuka kuwa risasi-214 na bismuthi-214. Watoto hao wa radoni si gesi. Hujishika kwenye chembe za vumbi na matone ya mawingu, na mvua inaponyesha huwafagia na kuwatandaza chini miguuni mwako. Nusumaisha zao ni dakika 27 na dakika 20, kwa hiyo ongezeko huja upesi na kuondoka upesi: mvua ikikoma, saa mbili au tatu baadaye kipimo kinakuwa kimerudi kilipokuwa. Mara nyingi hushuka hata chini ya kile cha siku kavu, kwa kuwa maji yaliyojaza udongo huzuia sehemu ya gama za ardhini; unyevu ukiongezeka kwa sehemu ya kumi ya uzito wa udongo, mionzi ya ardhini hupungua kwa takriban kiasi hichohicho. Ndiyo maana kanuni ya kazi hii ni kutopima wakati wa mvua wala saa chache baada yake, isipokuwa mvua yenyewe ndiyo unayoichunguza.

Theluji hufanya kazi ya ngao. Kinachozuia mionzi ni uzito wa maji yaliyomo kwenye theluji, wala si kina unachokiona kwa jicho: theluji mpya ya mita moja inaweza kuwa na maji ya sentimeta 10 tu, na hizo zinatosha kuishusha mionzi ya mwamba chini ya nusu. Kwenye mita 2,000 mchango wa anga ni karibu 0.06, ambao theluji hiyo haiupunguzi kwa kiasi cha kuonekana. Mwamba wako ulikuwa ukitoa 0.08 siku kavu, na chini ya theluji umebaki na 0.03. Uhusiano huu ni thabiti kiasi kwamba huko Marekani ndege hupita chini, kama mita 150 juu ya ardhi, kabla ya theluji na baada yake, na kutokana na upungufu wa gama watu wa utabiri wa mafuriko huhesabu maji yaliyolala mlimani yakisubiri kuyeyuka. Daftari lako, ukiongeza ndani yake kipimo cha uzito wa theluji, linaweza kufanya kazi hiyo kwa mteremko wako mmoja.

SWALI: Kwa nini ndani ya korongo kipimo ni kikubwa kuliko kwenye uwanda ulio juu yake, ilhali mwamba ni mmoja? Na je, wanaopima kwa helikopta hulishughulikiaje jambo hilo?

JIBU: Juu ya uwanda, mwamba umejaza nusu ya pande zote zinazokuzunguka, nusu nyingine ni anga. Korongoni kuta nazo zinakutazama, na likiwa refu na jembamba sana mchango wa mwamba unaweza kukaribia maradufu ya ule wa uwandani. Kwenye ncha kali ya mgongo wa mlima hali hugeuka, kwa kuwa ardhi inakimbia pande zote na mwamba unaokutazama ni mchache. Viwango vyote vya kugeuza kipimo kuwa kiasi cha madini vimekokotolewa kwa ardhi tambarare, kwa hiyo anayepima milimani achague, inapowezekana, kijiwanja bapa chenye upana wa mita 20 hivi, kwa sababu kigunduzi kilichoinuliwa mita moja hupata sehemu kubwa ya mionzi yake kutoka ndani ya mita 10, na kutoka sentimeta 30 tu za juu ya udongo. Pasipopatikana, aandike mteremko na kuta, au apige picha ya pande nne. Picha hizo huokoa vipimo ambavyo vingetupwa.

Helikopta ina matatizo zaidi. Hewa yenyewe ni ngao: kwa kila mita 80 hadi 100 za kimo, mionzi ya ardhini hupungua karibu nusu, hivyo rubani akipita juu ya bonde bila kushuka nalo, bonde huonekana maskini kwa sababu tu liko mbali. Kimo hupimwa kwa rada au leza wakati wote na vipimo husahihishwa, lakini kimo hicho nacho lazima kigeuzwe kulingana na uzito wa hewa, maana kwenye mita 3,000 kanieneo ni karibu asilimia 70 ya ile ya baharini na hewa nyepesi huzuia kidogo. Isitoshe, kutoka angani kigunduzi huona duara la mamia ya mita, na huchanganya jabali, nyasi na mchanga wa mto katika namba moja. Kwa maoni yangu, ramani ya angani ya eneo la milima isiyoambatana na vipimo vya ardhini katika vituo kadhaa haipaswi kutumiwa kutoa uamuzi juu ya kijiwanja kimoja au nyumba moja.

SWALI: Je, kuishi mahali penye 0.22 kuna hatari? Nimesoma kwamba kikomo cha mwananchi ni milisiverti 1 kwa mwaka.

JIBU: Mikrosiverti 0.22 kwa saa, kwa mtu anayekaa nje mwaka mzima, ni takriban milisiverti 1.9. Kikomo cha milisiverti 1 kinahusu nyongeza inayotokana na shughuli zilizopangwa za binadamu; hakikuwekwa kwa ajili ya mionzi ya asili wala ya matibabu. Wastani wa dunia wa mionzi yote ya asili ni milisiverti 2.4 kwa mwaka. Jijini La Paz, Bolivia, mionzi ya kosmiki peke yake huwapa wakazi kama milisiverti 2, karibu nusu yake ikiwa ni nyutroni ambazo neli ya Geiger haizioni. Zipo sehemu zenye viwango vya juu zaidi kwa sababu ya madini, kama vile baadhi ya mitaa ya Ramsar nchini Iran, ambako chemchemi za maji moto zimeacha radi katika mawe, na Morro do Ferro nchini Brazili, kilima chenye thori nyingi. Kwa hiyo 0.22 si sababu ya kuhama.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulipe uzito zaidi. Katika zile milisiverti 2.4, takriban 1.26 hutokana na kuvuta radoni na watoto wake, hasa ndani ya nyumba, na kipima gama hakipimi hilo. Granaiti yenye nyufa huachia radoni, na nyumba iliyofungwa vizuri dhidi ya baridi ya mlimani huihifadhi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kiwango cha rejea cha bekereli (mpasuko mmoja wa atomi kwa sekunde) 100 kwa mita ya ujazo, na pasipowezekana, kisizidi 300. Weka kigunduzi cha radoni katika chumba cha chini kabisa kinachokaliwa, mbali na dirisha na jiko, ukiache kwa miezi mitatu, ikiwezekana katika majira ya baridi wakati madirisha hufungwa.